Mapeasi ya stoo baridi yaivishwe Nakuru kabla ya kupelekwa Kisumu

Mteja wa soko la Kibuye mjini Kisumu akipasua peasi la manjano lenye kuvutia na kukuta kiini kimekuwa kahawia, lawama zote huangukia stoo baridi. Mara nyingi stoo ilifanya kazi yake. Tunda liliharibikia kwenye joto la Kisumu, ambako mchana hukaribia nyuzi 30. Kwenye joto hilo peasi haliivi sawasawa, na kuvu hupata nafasi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba wauzaji wa jumla waivishie Nakuru. Peasi likitoka baridini huhitaji nyuzi 18 hadi 21, na chumba chenye kivuli pale mjini hukaribia kiwango hicho bila mtambo wowote. Achanisha maboksi hewa ipite, acha jasho la ganda likauke kabisa kabla ya kufunika, kisha subiri siku 4 hadi 7. Ndizi mbivu za kuharakisha hazihitajiki: baridi ya muda mrefu imeshaliandaa tunda kuiva lenyewe.

Kila siku bonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo. Shingo ikianza tu kubonyea, pakia usiku huohuo. Ukingoja tumbo lilainike umechelewa, kwa sababu peasi huiva kuanzia ndani. Panga safu moja, vikonyo visichome matunda ya jirani. Gunia lisitumike kabisa.

Stoo nayo ina masharti yake: nyuzi -1 hadi 0, na unyevu wa hewa asilimia 90 hadi 95. Nyuzi 4 za friji ya nyumbani hufaa kwa siku chache za tunda lililokwisha kuiva, si kwa miezi. Tena aina hazilingani. Williams, ambayo wengine huiita Bartlett, huvumilia miezi 2 hadi 3 katika stoo ya kawaida. D'Anjou hufika kama miezi 6. Ukivuka hapo, ganda hupata mabaka ya kahawia, na tunda huweza kugeuka manjano huku nyama ikikataa kulainika. Hakuna namna ya kuivisha itakayoliokoa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, pasua matunda kadhaa ya kila shehena kwa urefu utazame kiini. Na muuzaji aandike kwenye kila boksi jina la aina na tarehe ya kutoka baridini. Anayekataa kuandika, mnunuzi ana haki ya kukataa mzigo wake.