Haragwe Halibaki Chini

Jumamosi asubuhi mwanangu alikuja kunivuta mkono, udongo umempanda hadi kwenye viwiko. "Mama, haragwe langu lilikuwa limetoka nje! Nimelirudisha."

Nikamfuata hadi kwenye chungu chake. Kwa siku nane alikuwa akilimwagilia maji haragwe hilo, na kwa siku saba hakuona kitu. Siku ya nane lilikuwa limechomoza. Shina jembamba lilikuwa limezibeba nusu mbili za mbegu juu ya udongo, kama mtu aliyejitwika mzigo. Yeye alipoziona akadhani mbegu imepanda juu kwa bahati mbaya. Akaisukuma chini kwa kidole gumba, akaifukia, akashindilia udongo taratibu kwa upendo wote alio nao. Shina lilikuwa limekatika kabisa.

Kabla sijasema neno alikimbia ndani, akarudi na kitabu chake. Akafungua ukurasa wa nne na kuniwekea kidole pale. Juu ya udongo, majani mawili ya kijani. Chini ya udongo, haragwe zima jekundu, limetulia kama yai kwenye kiota, mzizi unatokea upande huu na shina upande ule. "Si unaona, Mama? Linakaa chini."

Hakukosea yeye. Alifuata alichochorewa. Nimekaa na hasira hii wiki nzima, na sitaki kuimeza.

Haragwe la kawaida halioti vile. Kwanza linakunywa maji hadi linavimba na ngozi yake inakunjamana. Mzizi ndio unaotangulia, tena hata ukilipanda kichwa chini, mzizi utajigeuza uelekee chini. Kisha shina linajikunja kama ndoana, na mgongo wa ndoana hiyo ndio unaopasua udongo, ili kichipukizi laini kilichojificha katikati ya zile nusu mbili kivutwe nyuma yake bila kukwaruzwa. Likishapata mwanga linanyooka. Nusu mbili zinapanda pamoja nalo, zimejaa akiba ya chakula, zinaulisha mche mpaka majani ya kwanza yaweze kujitegemea. Halafu zinasinyaa na kudondoka. Mimea inayoacha mbegu yake chini ipo, mahindi ni mmojawapo na njegere pia, lakini haragwe si miongoni mwake. Mchoraji yule alilipa haragwe maisha ya hindi.

Najua nitaambiwa hili ni jambo dogo. Kitabu cha mtoto, kurasa kumi na sita, rangi nzuri, kwa nini nishikilie haragwe moja? Nashikilia kwa sababu mtoto hasomi kitabu cha picha kama ninavyosoma mimi. Mimi nikiona mchoro wenye kosa naupita, kwa sababu nimeshawahi kuona kitu chenyewe. Yeye hajakiona. Kwake mchoro unatangulia, kitu kinafuata, na kitu kikitofautiana na mchoro, kitu ndicho kinachosahihishwa. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye chungu kile: kidole gumba kikirekebisha mmea ulio hai ili ufanane na karatasi.

Na si haragwe peke yake. Chukua yule mdudu kibibi, mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi. Hakuna kitabu cha bustani cha watoto kisichokuwa naye. Amekaa juu ya jani, anatabasamu, anaitwa rafiki wa mkulima, na kweli ni rafiki, kwa kuwa anakula vidukari wanaofyonza utomvu wa mimea. Lakini hazaliwi akiwa mviringo mwekundu. Anatoka kwenye yai dogo la manjano, moja kati ya mengi yaliyobandikwa pamoja chini ya jani, na anaishi kwanza kama buu mrefu mweusi, mwenye miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa ubavuni. Ukimtazama kwa karibu anafanana na mamba aliyepunguzwa hadi kutoshea kwenye ukucha. Buu huyo anakula vidukari kwa mamia kabla hajageuka. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina bustani yangu, na nilikuwa nikiwaponda mabuu hao kwa vidole nikiamini naokoa mboga zangu. Nilikuwa nimewaona katika vitabu vingapi tangu utoto wangu? Hata kimoja. Rafiki wa mkulima nilimjua kwa sura moja tu, ile inayopendeza, na sura yake nyingine nikaiua mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo inaponiuma hasa. Anayemchorea mtoto amekabidhiwa macho ya mtu mwingine. Atakachokiacha, mtoto hatakiona hata kikiwa mbele ya pua yake. Atakachokikosea, mtoto atakipigania.

Tena si kwamba kazi hii haijulikani jinsi ya kufanywa. Mwaka 1679 Maria Sibylla Merian, mchoraji wa wadudu na mimea, alichapisha kitabu chake cha viwavi kule Nuremberg, Ujerumani. Kwenye ukurasa mmoja aliweka yai, kiwavi, pupa (kiwavi aliyetulia akigeuka kipepeo) na kipepeo, wote juu ya mmea uleule ambao kiwavi huyo anaula. Hakunakili kwenye vitabu vya wenzake. Aliwafuga mwenyewe nyumbani, akawalisha, akasubiri wabadilike, akachora alichokiona. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alipanda meli pamoja na binti yake hadi Suriname, Amerika ya Kusini, ili akawachunguze wadudu wa huko, na mwaka 1705 akachapisha alichokuta. Kwa ajili ya viwavi! Sasa mtu anashindwa kuweka haragwe moja kwenye pamba iliyolowa juu ya meza anayochorea, alitazame kwa siku kumi?

Naelewa kwamba wachoraji wengi hupewa muda mfupi na malipo madogo, na mwenye haraka huangalia picha ya mwenzake aliyetangulia, ambaye naye aliangalia ya mwingine. Ndivyo kosa linavyorithishwa. Sasa zimeingia pia picha zinazotengenezwa na programu za kompyuta, ambazo hazijawahi kushika udongo wala mbegu, zinachanganya picha za watu walionakiliana. Wachapishaji, nawaomba kwa dhati: kwenye kitabu cha mimea, mpeni hata mkulima mmoja rasimu ile aipitie kabla haijaenda kiwandani. Atachukua nusu saa.

Sisemi sungura asivae koti. Avae, na viatu juu. Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, alimvisha sungura wake koti katika kitabu chake cha mwaka 1902 na sina ugomvi naye hata kidogo, kwa sababu bustani anayoiingia sungura yule ni bustani kweli. Huyo mama alikuwa amechora uyoga kwa miaka kwa umakini wa mwanasayansi, na mwaka 1897 andiko lake kuhusu kuota kwa vijimbegu vya uyoga liliwasilishwa mbele ya Linnean Society ya London, chama cha wanasayansi wa viumbe ambacho wakati huo hakikuwaruhusu wanawake kuhudhuria mikutano yake. Mtu aliyetazama kiasi hicho ana haki ya kubuni atakacho. Tena hakuwaficha watoto kwamba bustani ina hatari: baba yake sungura aliishia kwenye pai, na hilo limesemwa mwanzoni kabisa mwa hadithi.

Na kwa shingo upande nakubali kwamba kosa peke yake haliui kitabu. Kiwavi mlafi katika kitabu cha picha cha Eric Carle cha mwaka 1969 anajijengea kifuko cha nyuzi kisha anatoka humo akiwa kipepeo. Vifuko vya nyuzi kwa kawaida ni mambo ya nondo. Kipepeo hutoka kwenye pupa mwenye gamba, asiyefungwa kwa kifuko cha namna hiyo. Ningependa kosa hilo lisingekuwepo. Lakini kitabu hicho kinamwambia mtoto kwamba kiwavi alikaa ndani zaidi ya wiki mbili. Zaidi ya wiki mbili! Vitabu vingi haviwezi kutamka hata hilo. Mbegu inafukiwa ukurasa wa tatu, ukurasa wa nne imechanua, na mtoto mwenye chungu kitupu siku ya tano anaamini mkono wake ni mbaya. Ruth Krauss alitunga mwaka 1945 hadithi ya mtoto aliyepanda mbegu ya karoti, kila mtu akamwambia haitaota, naye akaendelea kupalilia na kumwagilia kila siku, na kurasa zinapita bila jani lolote kuonekana. Maneno yake ni machache mno, na subira yote ya mkulima imo.

Mengine nayataja tu. Nyungunyungu hana macho, anapumua kwa ngozi, mchoreni hivyo, watoto watampenda vilevile. Nyuki wanaokusanya chavua na nekta ni majike. Na majani yaliyooza si uchafu wa kufagiwa ili bustani ya kitabuni ionekane nadhifu. Bila kuoza hakuna mboji, na bila mboji udongo unachoka.

Jumapili tulichukua maharagwe matatu. Tukayaweka ndani ya chupa ya kioo, kati ya kioo na karatasi iliyolowa, ili kila kitu kionekane. Asubuhi ya pili yalikuwa yamevimba na kukunjamana, mwanangu akasema yamezeeka. Siku ya tatu ncha nyeupe ilijitokeza kwenye moja. Siku ya nne ilikuwa imejipinda kuelekea chini, na moja kati ya mengine mawili lilianza kutoa harufu mbaya na kuwa na doa la kahawia. Aliniuliza kama amelikosea nini. Nikamwambia hajalikosea lolote, mbegu nyingine huoza. Akalichora pia, na doa lake, na juu yake mistari ya kuonyesha harufu.

Jana ndoana ilifunguka. Nusu mbili zilipanda juu ya mdomo wa chupa, naye akakaa mbele yake akiwa ameshika kidevu, bila kugusa kitu. Baadaye nilimkuta sakafuni na kile kitabu, kimefunguliwa ukurasa wa nne. Alikuwa amelifuta haragwe la chini ya udongo kwa kalamu ya wino, amelipaka weusi mpaka karatasi imekaribia kutoboka, na juu ya shina, chini ya yale majani mawili, amechora nusu mbili za mbegu, moja kila upande.

Nyumbani kwetu kuchora kwenye vitabu hairuhusiwi. Sikumwambia kitu. Nilimletea kalamu ya kijani.