Fakitire ilipwe, vijana watapata kazi

Lubumbashi tukianza kuongea juu ya kazi za vijana, tunaishia migodini: mwekezaji gani anakuja, apunguziwe kodi gani. Kwangu mimi donda liko kwingine. Liko kwenye fakitire, yaani ankara za kudai malipo, zinazolala mezani miezi na miezi.

Sheria tunayo. Sheria namba 17/001 ya Februari 2017 inawawekea Wakongomani kazi za sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inawapa wengine waifanyie: kupika kantini, kusafirisha wafanyakazi, ulinzi, kushona nguo za kazi. Kwa hiyo kuingia si shida kubwa tena. Shida ni kukaa hai hadi siku ya malipo.

Tupige hesabu. Atelie moja ya kushona ya Katuba, komini ya hapa mjini, inapewa oda ya ovaroli 800, dola 25 moja, jumla dola 20,000. Kitambaa, uzi, vifungo, mshahara wa mafundi na mafuta ya jenereta (moto wa SNEL, shirika la umeme la taifa, tunaujua) vinakula 16,000. Faida ni 4,000. Sasa hizo 16,000 mwenye atelie amezikopa, tuseme kwa riba ya 4% kwa mwezi, yaani dola 640. Akilipwa baada ya mwezi mmoja, anabaki na 3,360, anaweza kununua cherehani na kuongeza fundi. Akilipwa baada ya miezi mitatu, anabaki na 2,080. Akilipwa baada ya miezi sita, anabaki na 160. Ameshona ovaroli 800 kwa ajili ya aliyemkopesha, na oda ya pili hana cha kuianzia. Hakuna msamaha wa kodi unaoweza kumfufua huyo.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kuweka siku 30 kwenye mkataba. Ni nzuri, ila ina tundu: siku 30 kuanzia lini? Zikianza siku karatasi ya mapokezi inaposainiwa, mkubwa wa depo atasafiri, atasahau muhuri, atasema saizi hazijahesabiwa, na saa haitaanza kutembea. Zihesabiwe tangu tarehe ya muhuri wa getini kwenye bon ya kupeleka mzigo, mnunuzi apewe siku tano za kukataa kwa maandishi. Akinyamaza, amepokea.

La pili ni benki. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria zake za dhamana zinaruhusu mtu kuiachia benki deni analodai liwe dhamana ya mkopo, badala ya hati ya nyumba. Fundi wa Katuba hana hati ya nyumba, ila fakitire anayo. Benki inaogopa kwa sababu haijui kama mnunuzi atalikubali deni. Basi mnunuzi asaini kwamba analitambua, na jimbo lidhamini sehemu ya hasara. Pesa zitoke wapi? Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa jimbo 25% ya mrabaha wa madini. Kipande kidogo cha hiyo kingefanya kazi kuliko msururu mwingine wa jeep.

Na Leta, yaani serikali, yenyewe ianzie nyumbani kwake: ibandike ukutani fakitire inazodaiwa, tarehe kwa tarehe, na ya zamani zaidi ilipwe kwanza. Anayelipa kwa kujuana hawezi kumhimiza mgodi ulipe kwa wakati.

Oda nazo zikatwe. Ovaroli 5,000 kwa mkupuo mmoja zinamfukuza kila fundi wa komini zetu za Kenya na Ruashi, anabaki mfanyabiashara anayeagiza kontena. Zikigawanywa mafungu ya 500, atelie kumi zinaingia, na moja ikichelewa mgodi haukosi nguo zote.

Kuna wa kumwangalia kwa jicho kali: Mkongomani aliyeazimisha jina lake, ana 51% ya kampuni kwenye karatasi huku pesa zikienda kwa mwingine. Kumkamata hakuhitaji tume. Uliza nani anasaini kwenye akaunti ya benki, nenda uone mashine ziko avenyu gani, kisha omba orodha ya wafanyakazi iliyopelekwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mtu anayedai ana atelie ya kutoa ovaroli 800, na orodha yake ina majina mawili, dereva na mlinzi, huyo hana atelie.