Kwa anayeanza kazi, kijiji kingoje

Kila nikisikia kijana aliyeajiriwa juzi akisema anahamia kijijini kwa kuwa kazi yake anaifanya kwa kompyuta, naingiwa na wasiwasi. Foleni za magari sizipendi, wala kodi ya nyumba inayomeza mshahara. Mtu aliyekwisha kukomaa kazini akizichoka, ahame, tena ahame leo.

Wasiwasi wangu ni kwa anayeanza. Sehemu kubwa ya kazi huwezi kufundishwa kwenye mkutano wa video. Unaidokoa kwa mwenzako wa meza ya pili: anavyomjibu mteja mkali, anavyoligundua kosa kabla halijawa balaa. Kuna na lile swali dogo ambalo akiwa karibu unamuuliza tu, ila kumpigia simu kwa ajili yake ungeona haya.

Wachumi Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais waliwachunguza wahandisi wa programu wa kampuni moja kubwa ya Marekani. Waliokaa jengo moja na wenzao walipata maoni mengi zaidi juu ya kazi zao, na waliofaidi hasa ni wachanga. Wazoefu ndio waliolipa gharama, maana muda wa kuelekeza wengine uliwapunguzia muda wa kuandika programu zao. Ndiyo sababu mzoefu akisifu kazi ya nyumbani namwamini, lakini anajisemea yeye. Wa kumfundisha hayupo tena. Yeye ndiye anayetakiwa kufundisha.

Halafu kuna kusahauliwa. Mwaka 2015 mchumi Nicholas Bloom na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa wahudumu wa simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip, China. Waliofanyia kazi nyumbani tija yao ilipanda kwa asilimia 13. Lakini ukiwapima na wa ofisini wenye utendaji sawa na wao, walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Hilo linaniuma: kujituma zaidi, kisha kutoonekana.

Umeme na intaneti sivihesabu sana, vinaweza kutafutiwa dawa. Kupunguzwa kazini ni jambo jingine. Mjini utabisha hodi kwingine. Kijijini mlango ulikuwa ule mmoja wa kwenye skrini, na umefungwa.

Kijana akiniuliza, namwambia akae karibu na ofisi miaka miwili au mitatu, mpaka awepo mtu pale ambaye, yeye akishahama, atapokea simu yake bila kuuliza ni nani.