Mama Ntilie Kaonewa Vya Kutosha

Hapa Dodoma mtu akianza kutapika saa sita mchana, kesi imeshaamuliwa kijiweni: ni ile chapati ya saa nne. Mama ntilie hana wakili. Mimi nasema kwanza tuhesabu saa.

Sumu za haraka zipo, sikatai. Staphylococcus, bakteria wa puani na kwenye vidonda vya mikono ya mpishi, huacha sumu kwenye chakula inayoweza kukutapisha ndani ya nusu saa hadi saa nane. Hapo mama ntilie ana la kujibu. Lakini asubuhi ile ulishushia wali wa kiporo na chai, na wali nao una Bacillus cereus wake, ambaye sumu yake ya kutapisha huchukua nusu saa hadi saa sita. Kiporo saa moja, chapati saa nne, kutapika saa sita: mwenye kesi nani?

Kiporo kinaponzwa na imani kwamba kikipashwa moto kimetakasika. Mbegu za bakteria huyu hazifi kwa kupikwa. Sufuria ikilala jikoni na joto letu la Novemba, huamka, huzaliana na kutoa sumu ambayo kuipasha hakuiondoi. Na wali unanukia vizuri tu.

Bakteria wengine hawana haraka kabisa ya kukuuguza. Salmonella ni saa sita hadi siku sita. Campylobacter siku mbili hadi tano, kwa hiyo kuku wa mnadani Jumamosi, yule mwenye damu mfupani, anaweza kukulaza Jumanne. Homa ya matumbo ni wiki moja hadi tatu. Nani anakumbuka alikula wapi?

Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafariki. Macho ya manjano, matumbo kuvimba. Ilikuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi, chakula cha nyumbani kila siku. Hapakuwa na genge la kulifungia.

Ukiona damu chooni, au unaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, acha hesabu, nenda zahanati. Na ukiulizwa umekula nini, taja ya siku kadhaa nyuma, kiporo kikiwemo, hata kama mkeo amekaa pembeni anakusikiliza.