Kuku Amemeza Land Rover

Jamani, nina kesi na kuku. Si kesi ya kudonoa mchele, hiyo ningesamehe. Hii ni kesi ya gari.

Mnaokaa Isevya, hapa Tabora, mnalijua gari langu: Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, ile ambayo harufu yake inafika sokoni kabla yangu. Siku za karibuni lilizidi. Silensa, yaani kunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, hakuna, ukiachia mguu linazima, ukikanyaga linatoa moshi mweusi mpaka waliovaa kanzu wanahama upande wa barabara. Plagi ukizifungua, masizi matupu, utadhani zilikuwa zinakaanga chipsi.

Nikapeleka gereji. Kijana kafungua boneti, kazunguka kushoto, kazunguka kulia, kaniuliza, "Mzee, soketi ya kuchomeka kompyuta iko wapi?" Mwanangu, gari hili hata redio halina! Akanipa pole, akanishauri nitoe injini niweke ya Toyota. Mafundi wa siku hizi ndivyo walivyo. Ukiwaonyesha kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, wanakutazama kama umeleta maiti.

Basi nikajitia fundi. Kabureta yangu ni Zenith, na ugonjwa wake unajulikana: ule uso wa kifuniko unapinda kwa joto, na kwa watu wanaokaza skrubu kwa hasira (nawajua, mmoja wao ananyoa ndevu kwenye kioo changu). Ukishapinda, na ile ringi ya mpira ya ndani ikichoka, petroli inapenya isikotakiwa na injini inalewa. Dawa ni kuusugua uso mpaka unyooke. Unatandika msasa laini juu ya kitu kilichonyooka kabisa, unasugua polepole kama unachora namba nane. Sasa nyumbani kwangu kitu kilichonyooka kabisa ni kimoja tu: kioo cha kabati la nguo la mama watoto.

Hapo sitaendelea. Kioo kipo, hakijavunjika, ila tangu siku hiyo mimi na mwenye kioo tunazungumza kupitia mtoto wetu wa mwisho.

Nikahamia chini ya mwembe. Nikatoa floti, sindano, jeti zote (vile vipande vyenye tundu dogo la kupitisha petroli), nikazipuliza kwa pampu ya baiskeli. Jeti usiichokonoe kwa waya, tundu likipanuka ndiyo umejiongezea bili ya mafuta. Vifaa nikavipanga kwenye sinia. Jirani wa kwanza kaja na kigoda chake kabisa. Wa pili kasema tatizo ni kondensa. Wa tatu hakuiangalia hata kabureta, kasema nimerogwa.

Sasa, kwenye pampu ya kabureta kuna gololi moja, ndogo kama punje ya mtama. Kazi yake kuziba njia: ukikanyaga mafuta, petroli isirudi kwenye bakuli, irukie kwenye injini. Bila gololi hiyo, ukikanyaga gari linakohoa, linasimama kwanza kufikiri. Nikaigeuza kabureta, gololi ikadondoka kwenye sinia, ti! Ikaruka mchangani, ikang'aa. Mimi niliiona. Na kuku mwekundu wa mama watoto aliiona.

Yeye alikuwa karibu zaidi.

Baraza likakaa. Mwenye kigoda akasema nimfunge kamba mguuni, nimfuate na sumaku mpaka itoke. Mzee mmoja akacheka. "Haitoki hiyo. Kuku anaweka mawe kwenye firigisi ya kusagia chakula. Wewe umempa jiwe la chuma, atalitunza." Haya, achinjwe basi! Tena firigisi kwa desturi ni ya baba mwenye nyumba, kwa hiyo hata kugombania hakuna.

Nikamtuma mtoto wa mwisho apeleke ombi. Akarudi anahema. "Mama anasema huyo kuku anatamia, alitoka mara moja tu kula. Ana mayai 12. Anasema uhesabu siku 21, halafu vifaranga wakue, halafu ndiyo uulize tena. Na anauliza kioo utakisafisha lini."

Nimejaribu gololi ya pedeli ya baiskeli, haiingii. Leo ni siku ya tisa. Nakwenda kazini kwa bodaboda, jioni nikirudi nampitia kuku kwenye tenga lake. Ananikodolea jicho moja, ametulia, anasaga mtama kwa kifaa changu.