Wachina wote sura moja? Tatizo ni ubongo wako

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nilinunua spika ya blutuu Kariakoo kwenye duka la Mchina mmoja, ikafa siku ya tatu, nikarudi na hasira zangu zote nikamkuta jamaa kaunta, nikamporomoshea maneno weee, umeniuzia takataka, nataka hela yangu. Jamaa kanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia kwa Kiswahili cha Kariakoo kabisa, "Boss, duka la spika lile pale, mi nauza pazia." Kuangalia nyuma yake, mapazia mpaka darini. Watu walicheka mno. Akamalizia, "Hata nyie mnafanana bwana."

Hiyo "mnafanana" ndo imenifanya nianze kusoma haya mambo ya ubongo na ubaguzi, maana nilijiona mtu poa nisiye na neno na mtu.

Kumbe wanasaikolojia wanaijua toka zamani, Malpass na Kravitz waliandika habari zake 1969 huko Marekani: watu wengi wanazikumbuka sura za rangi yao vizuri kuliko za rangi nyingine. Kuna sehemu ya ubongo kwa chini kule, kazi yake kubwa ni sura, na inakuwa fundi wa zile inazoziona kila siku. Zingine inazipitia juu juu tu, rangi, macho, basi imemaliza. Na hili sio suala la damu. Kuna Wakorea walioasiliwa na familia za Ufaransa wakiwa watoto wa miaka 3 mpaka 9, walipopimwa ukubwani (utafiti wa 2005) walikuwa wanazitambua sura za Wazungu vizuri kuliko za Waasia, yaani mafundi wa sura walibadilisha kiwanda. Hata vichanga hivyohivyo. 2006 walipima watoto wa miezi 3, weupe wa Israeli walipenda kuangalia sura nyeupe, wa Ethiopia sura nyeusi, halafu wale wa familia za Kiethiopia zilizohamia Israeli, wanaoona watu wa rangi zote mbili, hawakuchagua upande.

Sasa kinachonikera ni zile klipu za wasapu, "sayansi imethibitisha binadamu kaumbwa mbaguzi, kuna kidude kinaitwa amigdala." Amigdala ipo kweli, ni kama kokwa ya lozi, inashtuka haraka kwenye hatari na chochote inachoona ni muhimu. Na kweli 2000 Elizabeth Phelps na wenzake waliwaonyesha Wamarekani weupe sura za watu weusi wasiowajua, wale wenye upendeleo mwingi wa kichinichini kwa weupe amigdala zao zikaruka zaidi. Klipu inaishia hapo. Haisemi kwamba walipoonyeshwa weusi maarufu wanaopendwa, huo uhusiano haukuonekana. Haisemi kwamba 2004 watafiti walirusha picha za sura nyeusi kwa milisekunde 30 amigdala ikawaka, wakaziacha milisekunde 525, hata sekunde nzima haijafika, ikapoa na sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso ikaingia kazini. Na utafiti huu ndo naupenda kuliko zote: Wheeler na Fiske, 2005, waliwaambia watu wakiangalia sura wakadirie kama huyu mtu anapenda mboga fulani au la. Mboga tu! Ule mshtuko wa rangi haukuonekana, kwa sababu ukishajiuliza mtu anapenda kula nini tayari umemfanya mtu.

Utafiti mwingine ulifanyika Italia, 2010. Ukimwangalia mtu akichomwa sindano mkononi, mwili wako nao unajibana kidogo bila wewe kutaka. Wakawaonyesha Wazungu na Waafrika waishio huko mkono wa rangi yao, wa rangi nyingine, halafu mkono uliopakwa zambarau. Ule wa rangi nyingine mwili haukujibana. Wa zambarau ukajibana! Mkono ambao hakuna binadamu anao unahurumiwa kuliko wa jirani yako, sasa hapo utaniambia tatizo ni ugeni wa rangi? Zambarau haina stori. Hakuna aliyekuambia utotoni zambarau ni wezi.

Na tusijifanye hizi ni habari za Wazungu tu. 2005 watafiti walikuta amigdala za Wamarekani weusi nazo zinashtuka zikiona sura nyeusi, wamekunywa maji ya kisima kilekile. Utafiti wa wanasesere wa Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1940 ulionyesha hivyohivyo, watoto weusi wengi walimchagua mwanasesere wa kizungu kuwa ndo mzuri. Sisi je? Mkorogo unauzwa kila kona, mtoto akizaliwa tu shangazi anachungulia masikio ajue atakuja kuwa mweusi kiasi gani, na mwenye nyumba anakuuliza "wewe kabila gani" kabla hajakuuliza kodi utalipa miezi mingapi. Hiyo nayo ni amigdala? Acha hizo.

Kuna na kile kipimo cha kwenye kompyuta cha 1998 cha kubonyeza vitufe harakaharaka kinachosema wewe mbaguzi kiasi gani. Mi sikiamini sana kwa mtu mmojammoja, unafanya leo unapata hivi, wiki ijayo vile.

Halafu hata ukiupiga ubongo picha vipi, sheria hutaiona mle. Afrika Kusini 1950 watu wazima walikaa bungeni na suti zao wakapitisha sheria ya kumsajili kila mtu kwa rangi yake, na kukiwa na utata walichomeka penseli kwenye nywele za mtu waone itadondoka au itabaki. Hiyo haikufanyika kwa milisekunde 30. Ilikuwa na fomu, mhuri na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Nirudi Kariakoo. Kuna utafiti wa Kurzban na wenzake wa 2001, watu walionyeshwa picha za vijana weupe na weusi wa timu mbili za basketi wanabishana, halafu wakaulizwa nani kasema nini. Timu zilipovaa jezi za rangi tofauti, watu wakaanza kuchanganya wachezaji kwa jezi, kuchanganya kwa rangi ya ngozi kukapungua, na ilichukua chini ya dakika 4. Nilisoma nikaona porojo. Wiki mbili baadaye napita Kariakoo siku ya dabi, jamaa wa mapazia kasimama mlangoni na jezi ya Yanga, nikamjua kutoka mbali kabisa, nikavuka barabara nisimsalimie. Mi Simba.