Kabati Lililosema Shikamoo

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hesabu zote za kabati lile zilikuwa sahihi. Ungenikuta nimekosea kujumlisha ningekuwa nimeshasahau.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa usanifu wa ndani, niko fildi, yaani mafunzo ya kazini, Dodoma. Uingereza vipo vyuo vinavyompa mwanafunzi mwaka mzima wa kazi, katikati ya mwaka wa pili na ule wa mwisho. Mwenzetu akiharibu kitu Oktoba, ana miezi kibao ya kusahaulika. Mimi nilipewa wiki nane, na haya yalitokea wiki ya sita, ile ile ambayo msimamizi wa chuo anapita kusoma logibuku, daftari la kazi za kila siku.

Kazi yenyewe ilikuwa kabati la nguo kwenye chumba kikuu cha nyumba mpya, Ilazo. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyehamia kutoka Dar es Salaam kikazi, alitaka kabati refu linalokaribia dari, lisilo na mstari wa maungio katikati. "Sitaki kuona limeungwaungwa," alisema. Nikamwambia hutaona, mama. Ofisi yetu ikaniachia mimi mchoro na Babu useremala. Babu ni fundi mkuu, na ukimwona anaweka penseli sikioni ujue hana la kusema, anasubiri.

Vipimo nilivichukua wiki ya kwanza, sakafu ikiwa bado zege na dari haijafungwa. Ukuta wa tofali haujawahi kunyooka, kwa hiyo upana unapimwa mara tatu, chini, kiunoni na juu, halafu unachukua ule mdogo. Nilifanya hivyo. Kimo nikapima pembe zote nne: milimita 2700. Nikatoa 45 za marumaru na udongo wake, nikatoa 200 za dari ya jipsamu itakayoning'inizwa chini ili nyaya za taa zipite. Ikabaki 2455. Wanafunzi wengi husahau kutoa marumaru, mimi sikusahau, na nililisema hilo ofisini mara mbili ili wote wasikie.

Kimo cha kabati nikakipanga 2400. Hapo napo palikuwa na akili. Bodi ya MDF, ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18 inauzwa 2440 kwa 1220. Kingo zake hugongwagongwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwa hiyo unanyoa milimita 20 kila mwisho unabaki na 2400 safi. Upana wa 1220 ukiupasua mara mbili kwa 600, msumeno ukala milimita zake nne, bodi moja inazaa mbavu mbili kamili za kabati, yaani kuta zake za pembeni, na kinachotupwa ni utepe. Upana wa kabati zima 1800, kina 600. Juu ingebaki nafasi ya milimita 55 kati ya kabati na dari, ambayo huzibwa na kornishi, ule mkanda wa urembo.

Nilifikiria hadi mlango. Koridoo ilikuwa nyembamba, na boksi la 2400 kwa 1800 lisingeweza kukata kona kuingia chumbani. Nikaamua bodi zikatwe karakana, ziingizwe moja moja, kabati liungwe humo humo chumbani likiwa limelala chali. Babu akatikisa kichwa kukubali. Nikajiona injinia.

Kisha akauliza, "Kitako kiko wapi?"

Kitako ni ile fremu ya chini inayobeba kabati, aghalabu milimita 100, inayotengenezwa peke yake. Kwenye mchoro wangu hakikuwepo. Mbavu zilishuka moja kwa moja mpaka kwenye marumaru, rafu ya chini ikakaa milimita 100 juu, na mbele yake kibao cha kuziba uwazi.

"Mbavu zinashuka mpaka chini, Babu. Zinaleta mwonekano mmoja."

"Haya," akasema, akaweka penseli sikioni. "Haya" ya fundi mzee haina uhusiano na kukubali. Hapo anahifadhi ushahidi.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa Dodoma unavuma mpaka vumbi linaingia kwenye nyumba iliyofungwa. Tulitandika maboksi yaliyokunjuliwa juu ya marumaru tukaanza kuunga. Skrubu za milimita 50, moja kila sentimita 20 hivi, na kila moja ilitanguliwa na tundu la drili, maana ukingo wa MDF ukiulazimisha skrubu kavu unachanika kama keki ya juzi. Mgongo tuliuweka plaiwudi ya milimita 3. Mgongo haubebi kitu. Kazi yake ni kulizuia kabati lisipinde kuwa msambamba, na ndiyo sababu kabla ya kuupiga misumari unapima uso wa kabati kona kwa kona, njia zote mbili. Zikilingana, kabati liko mraba.

Nikapima. Njia ya kwanza 3000. Njia ya pili 3000. Nikaandika kwa penseli pembeni ya ubavu: 3000 = 3000. Uso wa 2400 kwa 1800 lazima utoe 3000 kamili, ni ile ile tatu-nne-tano ya Pithagorasi, nikawaeleza vijana wawili wasaidizi ambao hawakuwa wameuliza. Babu akausoma ule mwandiko, akaunyamazia.

Saa nne na nusu tukasimama kulinyanyua. Bila milango lilikuwa na kilo 120 na ushee, maana bodi nzima ya MDF ya unene ule ina kama kilo 40 na hapa kulikuwa na zaidi ya bodi tatu. Babu akasimama mbele, kiatu chake kikizuia ukingo wa chini usiteleze. Sisi watatu tukaingia upande wa mgongo, vijana kwenye mbavu, mimi katikati.

"Sukumeni mbavu tu," alisema Babu. "Mgongo msiuguse."

Likapanda. Magoti, kiuno, mabega. Nikaanza kufikiria picha nitakayoibandika kwenye logibuku. Zilibaki kama nyuzi 21 lisimame wima, mara kwa juu kukasikika *kra*, mlio wa mtu aliyekanyaga biskuti, na unga mweupe ukatushukia kichwani.

"Sukuma!" nikasema mimi, kwa sababu ya kutokujua.

*Kra* ya pili. Kona ya juu ya mbele, ya kushoto, ilikuwa imezama ndani ya jipsamu na kunasa kwenye chuma kinachoibeba. Kabati likagoma kupanda, likagoma kushuka.

Kabati likifika mwinamo ule halina uzito wa kutisha, kwa kuwa karibu uzito wake wote uko juu ya mguu wake. Mtu mmoja anatosha kulizuia lisirudi. Babu akalitazama, akasema, "Mtu mmoja anatosha," akawachukua vijana wote wawili waende kwenye kirikuu kutafuta mbao za mbili kwa nne za kulitegemeza. Mtu mmoja aliyebaki nadhani mnamjua.

Nikawa nguzo. Mikono miwili kwenye ubavu mmoja haifai, kabati linataka kuzunguka, kwa hiyo nilijibanza katikati, mkono mmoja nimeuegemeza kwenye rafu iliyokuwa nyuma ya plaiwudi, penye ugumu kidogo. Unga wa jipsamu ukaendelea kushuka, laini, taratibu, ukanifuata puani. Nilijizuia chafya ya kwanza. Ya pili nikaizuia pia. Ya tatu ilikuja na mwili mzima.

Mkono ukateleza kutoka usawa wa rafu, ukakuta plaiwudi tupu, ukapita. Mpaka kwenye kiwiko. Nikajaribu kuurudisha, vibanzi vya plaiwudi vikanishika kama mtego wa samaki: kuingia unaingia, kutoka vinakuchoma.

Na wakati huo huo nikasikia mlangoni, "Hodi humu!"

Malezi ni kitu kibaya sana. Mtu mwenye busara angenyamaza.

"Karibu mama. Shikamoo!"

Kimya. Baadaye alimsimulia Babu alichokiona: kabati jipya limeinama peke yake katikati ya chumba, hakuna mtu, na kwenye rafu ya tatu kutoka juu kuna mkono, mweupe kwa unga, vidole vitano, unampungia. Kupunga sikupunga. Nilikuwa natafuta pa kushika.

"Marahaba," akajibu polepole, kama anayemjibu mtu asiyejua ukoo wake. "Wewe ni nani?"

"Mwanafunzi wa fildi, mama."

"Umewekwa humo tangu lini?"

Babu aliporudi na mbao alimkuta amekaa kwenye ndoo ya rangi anajipepea kwa mtandio. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alitegemeza mbao mbili, akapanda ngazi, akakata jipsamu kidogo kuizunguka kona kwa kisu, kabati likaachia, tukalishusha chali tena. Mkono wangu ulitolewa kwa koleo, kibanzi kimoja kimoja.

Ndipo akanionyesha kwa kidole ule mwandiko wangu. "Msomi. Hii elfu tatu uliipataje?"

"Pithagorasi, Babu."

"Basi mwite na ubavuni."

Nikachukua penseli. 2400 mara yenyewe, 5,760,000. 600 mara yenyewe, 360,000. Jumla 6,120,000. Kipeuo chake, 2474 kasoro kidogo. Dari, 2455. Kabati likiinuliwa kutoka chali halipiti kwa kimo chake, linapita kwa ulalo wa ubavu wake, kona kwa kona, na ulalo ule ulizidi dari kwa milimita 19. Unene wa bodi moja, na milimita moja ya kunizomea. Nilichora uso wa kabati nikautia na vivuli, ubavu sikuuchora kabisa.

"Ngoja nielewe," akasema mama. "Likilala linaenea. Likisimama linaenea."

"Ndiyo, mama."

"Halienei wapi?"

"Kati ya kulala na kusimama, mama."

Akaenda kuchemsha chai.

Dawa yake ilikuwa ile ile aliyoiuliza Babu tangu kwenye mchoro. Tulikata milimita 100 za chini za mbavu zote mbili, sawasawa na tumbo la rafu ya chini. Kabati likabaki 2300, ulalo wake 2377, likapanda bila kuigusa dari, na nafasi ya milimita 78 juu yake. (Kukata penyewe: umeme ulikatika nusu ya ubavu wa kwanza, tukamalizia kwa msumeno wa mkono. MDF kwa msumeno wa mkono ni unga puani, maskioni na kwenye chai.) Kitako kikatengenezwa peke yake kwa mbao, kikapigwa rangi ya mafuta, kikarudishwa ndani milimita 50 ili vidole vya miguu vipate pa kuingia, kikasawazishwa kwa pima maji na vipande vya plaiwudi kabla kabati halijapandishwa juu yake, upande mmoja kwanza, kisha wa pili. Kimo kikarudi kuwa 2400 kama kwenye mchoro.

Nikiwa nasukuma vumbi la mbao, Babu akaniongezea kosa la pili bure. Dodoma kwa vumbi hili nyumba inapigwa deki kila siku, pengine mara mbili. MDF haiogopi ukavu wetu, inaogopa maji, na ukingo uliokatwa unayanywa kama sifongo. Mbavu zangu za "mwonekano mmoja" zingesimama kwenye deki mpaka zivimbe kama miguu ya msafiri wa basi. Kitako kikilowa unabadilisha kitako.

Plaiwudi ya mgongo ilibadilishwa kipande kimoja. Likabaki tundu la dari, ukubwa wa kiganja, mita moja na nusu mbele ya kabati. Kuliziba inawezekana: unakata mraba, unaweka ubao nyuma, unafunga kiraka kwa skrubu, wavu wa maungio, lipu laini ya skimu mara mbili, msasa, rangi. Ila rangi ya kiraka haifanani na iliyotangulia hata ukitumia ndoo ile ile, na taa ikiwaka kwa pembeni kila mtu anaona.

Babu akalizungushia tundu duara, akalikata, akaagiza taa bapa ya inchi sita. Halafu akapima 1800 kwenda kulia, akakata tundu jingine zuri lisilo na hatia.

"La pili la nini?" nikauliza.

"Moja ni ajali," akasema. "Mbili ni usanifu."

Jumamosi tulipokwenda kufunga bawaba za mwisho, mama aliwasha zile taa, akafungua milango, akazima, akawasha tena. Kwenye logibuku niliandika kwamba wiki ya sita nimeshiriki kuboresha mwanga wa chumba. Msimamizi akapiga mhuri.

Jumatatu simu ikaita ofisini. Ni jirani wa ukuta wa pili. Kabati analo tayari, wala halina shida. Anachotaka ni zile taa mbili, pale pale zilipokaa kwa mwenzake, na aje yule yule aliyezibuni.

Babu alinikabidhi begi la zana mlangoni.

"Nenda kamtobolee mama wa watu," akasema. "Safari hii tumia drili."